Noah imerudi na rangi mbili, na fundi ni shemeji yangu

Shikamoo Mzee wa Gereji,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Igoma, hapa Mwanza. Mume wangu anafanya kazi Geita na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Gari letu ni Noah nyeupe ya mwaka 2008. Tulijibana miaka minne kulinunua, kwa hiyo ukiniona nalizungumzia kama mtoto wa nne usinicheke.

Mwezi wa tisa natoka kumchukua mdogo shuleni, nilipofika Buzuruga Hiace ya abiria ikachomoka bila kuangalia, ikanigonga mbele kushoto. Taa ikavunjika, bampa likaning'inia, fenda ikakunjamana hadi usawa wa mlango, na boneti ikapinda kona. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Watu wakajaa, kila mmoja hakimu. Dereva akaniomba tumalizane kienyeji: "Mama, tukimwita trafiki, mimi na wewe tutalala hapa." Akanitumia 300,000 kwenye simu, akaahidi 500,000 nyingine Jumamosi. Jumamosi simu haipatikani, na mpaka leo haipatikani.

Mdogo wa mume wangu ni fundi wa bodi na rangi, ana gereji Mabatini. Tukakubaliana 1,300,000 kila kitu. Nikampa 900,000. Alisema siku tano, zikawa wiki tano. Nilipoenda kuchukua gari ilikuwa jioni, taa zimewashwa, nikaliona zuri kabisa, nikampongeza. Kesho yake natoka kanisani, jua la saa sita, nikataka kulia. Mbele ni nyeupe ya maziwa. Kuanzia mlango wa mbele kwenda nyuma ni nyeupe nyingine, yenye kung'aa kwa ndani. Jirani akaniuliza kama tumeunganisha magari mawili. Juu ya boneti kuna vidudu vidogo vimenasa ndani ya rangi, ukipitisha kiganja unavihisi. Fenda nayo ina vipelepele kama ganda la chungwa.

Shemeji anasema rangi ikipigwa na jua itafanana yenyewe, na anadai 400,000 yake. Gereji nyingine ya Nyakato wameniambia hakuna namna, gari lote likwanguliwe lipigwe upya, 2,600,000. Mama mkwe amenipigia kutoka Sengerema: "Usimdhalilishe mwanangu kwa sababu ya bati." Mume wangu bado sijamwambia. Nilimtumia picha niliyopiga jioni.

Tarehe 27 Desemba wifi yangu anaolewa Sengerema na Noah imepangwa kwenye msafara. Nitaingiaje na gari la rangi mbili mbele ya ukoo mzima? Mwendo wake hauna shida, linavuta kushoto kidogo tu, na mlango wa kushoto lazima uunyanyue ndipo ufunge, ila shemeji anasema vitakaa sawa.

Naomba unishauri. Nimlipe? Nipige rangi gari lote? Nina bima ndogo, haiwezi kunisaidia? Na mume wangu nimweleze vipi?

Mama wa Noah, Igoma

*

Marahaba, binti yangu, na poleni.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona rangi, kama ulivyotaka nione. Mara ya pili nikakwama kwenye kile kisentensi ulichokitupia mwishoni baada ya harusi: linavuta kushoto kidogo, mlango lazima uunyanyue. Habari yenyewe ni hiyo. Ningekuwa karibu ningekunyang'anya ufunguo leo, nikakurudishia baada ya kupima.

Nikueleze kwa nini. Noah haina chesisi ya kusimama peke yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mfupa. Ukigongwa kona ya mbele, bampa na fenda ni ngozi tu. Nyuma yake kuna chuma kinachobeba bampa, halafu mihimili miwili inayoshika injini na miguu ya mbele, halafu nguzo ambayo mlango umening'inia. Kishindo husafiri njia hiyo hiyo. Wewe unasema fenda ilikunjamana hadi usawa wa mlango, na sasa mlango unadai kunyanyuliwa. Huenda ni bawaba tu imepinda, na hilo ni jambo dogo. Huenda fenda imefungwa vibaya inausukuma mlango. Na huenda nguzo imesogea. Kwa macho hakuna anayeweza kukwambia ni lipi, hata mimi niliyeshika nyundo miaka mingi. Na hakuna mlango unaojirudi wenyewe kwa kukaa. Shemeji yako hapo amekudanganya, au amejidanganya mwenyewe, maana mafundi nasi hutokea.

Kuvuta kushoto hivyo hivyo. Linaweza kuwa tairi halina upepo wa kutosha, kwa hiyo anza kwa kujaza upepo sawa pande zote, ni dakika tano. Likiendelea, lipeleke kwa fundi wa alaimenti, yaani wa kupima magurudumu yanavyoelekea, mwenye mashine inayotoa karatasi. Usikubali kuambiwa "tayari mama". Dai karatasi, ile ya kabla na ile ya baada, yenye tarakimu za kila gurudumu. Gurudumu la kushoto likikataa kuingia kwenye kipimo hata baada ya kurekebishwa, kuna kitu kimepinda: tairodi, boljointi, mkono unaoshika gurudumu, au mahali penyewe panapofungwa shokapu. Vitatu vya kwanza vinanunuliwa dukani. Cha nne ni kazi ya kuvuta bodi kwa mashine, na bodi huvutwa kabla ya rangi, maana ukivuta baadaye puti, ule uji mzito wa kuziba mabonde ya bati, inapasuka na rangi inakatika.

Ndiyo maana nakwambia usinitajie rangi kwanza.

Fungua boneti mchana. Mwombe fundi asiye ndugu yenu apime kwa msalaba: avute futi kutoka kona ya mbele kushoto hadi nyuma kulia ya chumba cha injini, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikitofautiana, mfupa umekwenda upande. Angalia mihimili ilivyo kushoto na kulia, kama mmoja una mikunjo au kuchomelewa upya. Halafu funga boneti, uangalie uwazi kati yake na fenda: upande mmoja unaingia ukucha, mwingine unaingia kidole? Mwisho kaa kwenye usukani, washa swichi bila kupiga stata, utazame taa nyekundu ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka ukigongwa. Inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, uwe na wasiwasi zaidi, kwa sababu kuna mafundi ambao dawa yao ya taa hiyo ni kuing'oa.

Wewe ni mtu wa Mwanza, ukinunua sato pale Mwaloni hutoi hela mpaka umefunua mashavu uone wekundu wake. Gari lililotoka kwa fundi nalo lina mashavu.

Chukua pia kasumaku kadogo, kale ka kwenye mlango wa friji kanatosha, ukavike kitambaa chepesi kasikwaruze. Kapitishe kwenye fenda na kona ya boneti, kisha kwenye mlango wa nyuma ambao haukuguswa. Mahali kanaposhika kwa nguvu kuna bati karibu. Kakidondoka, umekutana na puti nene. Puti ni ya kusawazisha, milimita mbili tatu hivi. Fundi aliyeshindwa kunyoosha bati huumba fenda nzima kwa puti, inatoka nzuri kama keki, halafu miezi sita ya barabara ya vumbi inaanza nyufa. Bampa usilipime hivyo, ni plastiki, sumaku haitashika hata likiwa jipya. Hilo lipime kwa ukucha pembezoni. Plastiki inahitaji praima yake maalumu, ile rangi ya kwanza ya kushikisha, bila hiyo rangi hubanduka kama ngozi ya kuungua.

Sasa twende kwenye rangi, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi.

Kuna kibati kidogo cha kiwanda, kwenye Toyota hukaa ndani ya chumba cha injini kwenye ukuta wa nyuma, au kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Tafuta palipoandikwa C/TR. Herufi na namba za mwanzo hapo ndizo namba ya rangi. 040 ni nyeupe tupu. 070 ni nyeupe ya lulu. Kwa maelezo yako ya "kung'aa kwa ndani", nitashangaa ikiwa lako ni 040. Fundi wengi huona gari jeupe wakasema nyeupe ni nyeupe, wakanunua kopo la nyeupe ya kawaida. Nyeupe ya lulu ni matabaka matatu: nyeupe ya chini, juu yake tabaka jembamba lenye chembe za maika, madini ya kumetameta zinazorudisha mwanga, kisha klia, rangi isiyo na rangi, ya kufunika. Chembe hizo ndizo zinazobadilika ukisogea kulia au kushoto. Kwenye taa ya gereji jioni huzioni, ndiyo maana ulimpongeza. Jua halitazizalisha mahali ambapo hazikuwekwa. Utakachopata kwa kungoja ni nyeupe mbili zinazozeeka kila moja kwa mwendo wake.

Wale wa Nyakato wanaotaka kukwangua gari lote nao siwaungi mkono. Paa, milango ya nyuma na mgongo wa gari lako bado vina rangi ya kiwandani, iliyookwa kwenye joto la nyuzi 140 hivi kabla gari halijawekwa plastiki wala viti. Gereji yoyote, hata yenye oveni, haiwezi kupandisha joto hilo kwenye gari lililokamilika, huishia nyuzi 60. Unataka nikushauri ukwangue kilicho bora uweke kilicho pungufu, tena kwa 2,600,000? Hapana. Kinachorudiwa ni boneti, fenda ya kushoto na bampa. Mlango wa mbele unaingizwa kidogo: tabaka la lulu linapulizwa likififia taratibu kuelekea nyuma, kisha klia inafunika mlango mzima, ili jicho lisipate mpaka wa kushika. Fenda ya kulia inaweza kuhitaji vivyo hivyo, kwa kuwa imepakana na boneti. Na kabla ya kugusa gari, fundi apulize kipande cha bati cha majaribio, akipeleke nje juani akiweke juu ya mlango wa nyuma. Lulu ikipulizwa mara mbili inatoa sura moja, mara tatu sura nyingine. Asiyetaka kufanya jaribio hilo usimwachie gari.

Ukibahatika kupata boneti au fenda ya mtumba yenye namba hiyo hiyo ya rangi, ikiwa na rangi yake ya kiwandani, ichukue. Wauza spea huagiza Dar, zinakuja kwa basi. Inaweza isifanane asilimia mia, maana kila gari limeota jua lake, ila umeepuka puti.

Wale vidudu kwenye boneti nimewacheka peke yangu. Ni wale wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama moshi na kufuata taa. Shemeji yako alipuliza jioni, taa inawaka, nje. Rangi mbichi kwao ni mtego wa gundi. Wakishanasa ndani ya klia, hakuna kuosha. Kwa kuwa boneti inarudiwa, watasagwa na msasa, lakini safari hii apulize asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaamka na vumbi, tena ndani ya banda lililofunikwa na sakafu iliyomwagiwa maji. Na mvua hizi za vuli ni adui wa pili: klia ikipulizwa hewa ikiwa nzito kwa unyevu inaweza kufanya ukungu mweupe. Siku ya mawingu mazito asubiri. Vile vipelepele vya fenda kwa kawaida hutibika kwa msasa wa maji namba 2000 na kupolishiwa, ila juu ya rangi isiyo yake ni kupoteza nguvu.

Nikiwa hapo hapo, mwambie huyo kijana jambo moja kutoka kwangu. Hadena, ile dawa ya kugandisha rangi hizi za kisasa, ina kemikali za isosayaneti, zinaweza kuleta pumu isiyoondoka. Leso aliyofunga puani haizuii chochote. Anunue barakoa yenye vichujio vya kemikali. Mimi niliacha kupuliza kwa sababu ya kifua, na sikuambiwa na mtu.

Bima. Bima ndogo uliyonayo inalipa hasara ya uliyemgonga. Ya gari lako mwenyewe haigusi, hiyo ni kazi ya bima kubwa. Aliyetakiwa kukulipa ni bima ya ile Hiace, na njia ya kuifikia ilipita kwa trafiki: ripoti ya ajali, ukaguzi wa gari, kisha mkaguzi wa kampuni ya bima analiona likiwa bado limebonyea. Wewe umelitengeneza kwanza. Sitakupa matumaini ya bure, mlango huo umebaki uwazi mdogo sana. Lakini una ujumbe wa simu wa ile 300,000 wenye jina la aliyetuma, na natumaini una picha za siku ile zenye namba ya gari. Kwa namba hiyo unaweza kuangalia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, wa kuhakiki stika ujue Hiace ina bima na ni ya kampuni gani. Kisha nenda kwa viongozi wa stendi ya Buzuruga, uulize mmiliki. Achana na dereva, huyo ni mwajiriwa na simu yake imeshakufa. Mmiliki anataka gari lake liendelee kupakia hapo, na neno la viongozi wa stendi kwake ni zito. Akikataa, peleka polisi ulichonacho, ukieleza kwa ukweli kwa nini ulichelewa.

Nimebakiza ya nyumbani, ambayo nimeyakwepa kama wewe ulivyoukwepa mlango.

Kabla ya kumjibu shemeji au mama mkwe, mume wako apate picha ya saa sita mchana. Leo. Ile ya jioni uliyomtumia ni kazi ile ile aliyoifanya shemeji, na wewe unajua. Mwambie bei, siku, na ile ya dereva wa Hiace. Mwambie pia kwamba linavuta. Huyo fundi ni mdogo wake, wa kumkalisha chini ni yeye. Ukimkabili wewe peke yako, kesho utaambiwa shemeji ameonewa na mke wa kaka.

Ile 400,000 usimpe, na usimwambie humpi. Mwambie umeitenga kwa kazi hiyo hiyo. Rangi utainunua wewe mwenyewe kwenye duka linalochanganya kwa mashine kwa namba ya kibati, utampelekea na klia na hadena yake. Yeye atatoa mikono yake bure, kwa kuwa mikono ameshalipwa. Hilo linamwachia heshima: anarudia kazi yake, hanyang'anywi. Ila kupima mfupa na miguu ya gari kufanyike kwa mtu mwingine, na kama kuna kuvuta bodi, kufanyike huko huko. Kijana akinuna kwa hilo, mume wako amweleze.

Mama mkwe usibishane naye kuhusu bati. Yuko sahihi, bati ni bati. Mpigie umwambie gurudumu la mbele linavuta upande ambao wajukuu wake hukaa, na mlango wa upande huo haufungi mpaka unyanyuliwe. Uishie hapo, umsikilize. Sijawahi kuona bibi wa Sengerema anayesikia hayo akaendelea kutetea rangi.

Kuhusu harusi. Zamani safari ya Sengerema ilikuwa na kusubiri kivuko, gari linapumzika na wewe unakula samaki. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilomita tatu juu ya maji, na watu wanakanyaga mafuta toka Usagara. Gari linalovuta kushoto silitaki pale, na watoto ndani. Kama karatasi ya alaimenti haijasoma vizuri kufikia tarehe 20, mwambie wifi mapema atafute gari jingine la msafara, ninyi mwende na basi. Na mkifika, usiwe wa kwanza kuulizia alipo shemeji.

Mzee wa Gereji